Mifupa ya Ituri na Nasaba ya Okapi

Msafiri atokaye Bunia kwa njia ya Komanda huziacha nyuma nyanda za malisho za Wahema na Walendu, na kitambo kidogo huingia katika msitu wa Ituri, ambao watu wengi, wenyeji na wageni sawasawa, husadiki kuwa umesimama pale tangu dunia kuumbwa, na kwamba okapi, mnyama wake mashuhuri, ni masalio ya enzi ile yaliyosahauliwa na wakati. Itikadi hiyo ni tamu kuisikia, walakini mifupa haiishuhudii.

Mnamo mwaka wa 1890 msafiri Stanley alikuwa amekwisha kuandika kwamba Wambuti, wawindaji wa msitu huo, wanamjua mnyama wa namna ya punda, alaye majani, na habari hiyo ikamkaa moyoni Sir Harry Johnston, mjumbe wa Waingereza nchini Uganda. Mwaka wa 1900 Johnston aliwarudisha makwao Wambuti waliokuwa wametekwa na Mzungu mmoja aliyekusudia kwenda kuwaonyesha watu mjini Paris. Akawahoji, nao wakamweleza mnyama yule kwa sifa na kwa jina. Hata alipoonyeshwa nyayo zake msituni hakuziamini, kwani zilikuwa za kwato zilizopasuka, hali yeye alikuwa akitafuta jamii ya farasi. Alichopata ni vipande viwili vya ngozi yenye milia, ambavyo askari walikuwa wamejifanyia mikanda. Akavipeleka London, na mtaalamu Sclater, kwa ushahidi wa mikanda hiyo, akamwandika mnyama miongoni mwa punda milia kwa jina la Equus johnstoni. Wambuti, ambao baba zao na babu zao walikuwa wakimtega na kumla, wangalisikia hukumu hiyo wangalicheka sana.

Mifupa ndiyo iliyotengua hukumu. Eriksson, afisa wa Kiswidi aliyekuwa akitumikia serikali ya Congo huko Mbeni, alileta ngozi nzima na mafuvu mawili, na Johnston alipoyatazama akatambua kuwa huyu si farasi hata kidogo, bali amefanana na Helladotherium, twiga wa kale asiye na shingo ndefu, ambaye mifupa yake iliyogeuka mawe ilikuwa imefukuliwa Pikermi, nchi ya Uyunani, zamani za nusu ya kwanza ya utawala wa Malkia Victoria. Basi ajabu iliyoje, mnyama aliyekwisha kutoweka Ulaya ndiye aliyemtambulisha mnyama aliye hai Ituri! Mwaka wa 1901 mtaalamu Lankester akampa okapi jinsi yake peke yake, Okapia. Alama ya ukoo huo ni ndogo mno: chonge la taya la chini, ambalo kwa okapi na kwa twiga limegawanyika kichwani pande mbili, kama jani lililochanika. Jino kama hilo likionekana katika mwamba, hata kiwiliwili chote kikiwa kimepotea, wataalamu hujua ni la nani.

Kwa alama za namna hiyo walitambuliwa jamaa wengine wa ukoo huo, kama wale wa Fort Ternan nchini Kenya, walioishi takriban miaka milioni 14 iliyopita, na Samotherium wa Uyunani na Asia, ambaye pingili za shingo yake ziko baina ya zile za okapi na zile za twiga. Kwa hiyo wamwitao okapi babu wa twiga wamekosea nasaba: hao ni binamu, na kila mmoja ameshika njia yake.

Na huo msitu? Kusini ya Komanda upo Mlima Hoyo, wenye mapango ya mawe ya chokaa, na katika pango la Matupi, miaka ya 1970, Francis Van Noten wa Ubelgiji alichimba tabaka ambazo za chini kabisa zimepita miaka 40,000. Alikuta zana ndogondogo za mawe, na pamoja nazo mifupa, mabaki ya chakula cha watu wale. Na mingi katika mifupa hiyo ni ya wanyama wa mbuga, si wa msitu. Yaani zama zile za baridi na ukame mlango wa pango ulitazama nyasi, na miti mikubwa iliyopo leo ilikuja baadaye, mvua iliporejea. Okapi yamkini alisalia katika visiwa vya msitu vilivyookoka, kisha akatoka pamoja na miti ilipoenea upya. Kwangu mimi hilo lamtukuza zaidi kuliko sifa ya kusahauliwa na wakati.

Upande wa mashariki, katika bonde la Semliki ya chini, mto Sinda umefichua mifupa ya zamani zaidi, ya jamaa wa tembo na wa vifaru, ambayo mtaalamu Hooijer aliieleza katika kitabu kilichotolewa na makumbusho ya Tervuren mwaka wa 1963. Lakini habari hiyo yataka makala yake.

Nawaomba wachimbao dhahabu na wachongao barabara katika mkoa wetu, wakikuta mfupa mzito kama jiwe, wasiung'oe: wauache mahali pake, watie alama, na wampelekee habari mwalimu aliye karibu, kwani mfupa uliohamishwa bila kuandikwa ulikotoka hauwezi tena kueleza umri wake wala kama mahali pale palikuwa msitu au nyasi.