Maficho ya Kulalia ya Wawindaji wa Bata Marekani

Maficho ya kulalia, ambamo mwindaji hujilaza chali katikati ya shamba lililovunwa, yalitanguliwa na chombo cha majini. Katika karne ya 19, kwenye Ghuba ya Chesapeake, wawindaji wa biashara walilala ndani ya sanduku la mbao mfano wa jeneza, lililozungukwa na mabawa mapana yaliyoelea. Bata bandia wa chuma walipangwa juu ya mabawa hayo ili uzito wao ulishushe sanduku mpaka kingo zilingane na uso wa maji. Bata waliouawa waliuzwa Baltimore, Philadelphia na New York. Chombo kilifanya kazi vizuri kupita kiasi. Mwaka 1935 serikali kuu ya Marekani ilikipiga marufuku, pamoja na kutumia bata hai kama chambo.

Mashambani, mashine za kuvuna mahindi ziliacha punje nyingi ardhini, na mabata bukini wakazifuata. Mwindaji alichimba shimo la kujifichia. Lakini shimo hujaa maji ya mvua, humuudhi mwenye shamba, na haliwafuati ndege wakihamia kwingine. Ndiyo sababu maficho ya kulalia ya fremu nyepesi ya alumini, yenye kitambaa na milango miwili juu ya kifua, yalienea haraka tangu mwishoni mwa miaka ya 1990.

Katika kuchagua maficho hayo, ufupi wa kimo hutangulia rangi, kwani kivuli ndicho humfichua mtu. Kitambaa kipya hupakwa matope kisimetemete, kisha huchomekwa mabua ya shamba lile lile.