Gari lililosamehewa ushuru ni la mwenye ulemavu: Jamaa wana haki gani?

MTAA wa Membley mjini Ruiru umo karibu na makutano ya barabara kuu ya Thika na ile ya Eastern Bypass. Kwa mkazi mwenye afya kamili, kufika Nairobi au Thika ni suala la kutembea hadi kituoni na kupanda matatu. Kwa anayetumia magongo au kiti cha magurudumu, safari hiyo hiyo ni mtihani. Ngazi ya matatu i juu, utingo ana haraka, na kiti cha magurudumu hakina mahali pa kuwekwa.

Ndiyo maana sheria humruhusu mtu mwenye ulemavu kuingiza nchini gari la matumizi yake bila kulitozwa ushuru. Lakini gari likishafika nyumbani, huzuka swali ambalo familia nyingi hazikujiuliza mapema: je, mume, mke, watoto na ndugu wanaruhusiwa kulitumia?

Jibu kwa ufupi ni kwamba jamaa wanaweza kulitumia kwa niaba na kwa faida ya mwenye ulemavu, bali hawawezi kuligeuza kuwa lao. Atakayevuka mpaka huo huweka gari lenyewe katika hatari ya kutwaliwa na serikali.

Msamaha watoka wapi?

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilieleza kuwa vifaa, yakiwemo magari, vilivyoundwa au kubadilishwa kwa matumizi ya watu wenye ulemavu visitozwe ushuru wa forodha, ushuru wa thamani ya ziada (VAT), ada za bandarini wala tozo nyingine ya serikali inayoongeza bei yake. Sheria hiyo ndiyo iliyounda Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Nafasi yake ilichukuliwa na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025, iliyotiwa saini na Rais William Ruto mwezi Mei mwaka huo.

Aidha, Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kushinda vikwazo vinavyotokana na hali yake.

Kwa upande wa forodha, Kenya hufuata Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, ambayo pia hutumika Uganda, Tanzania na nchi nyingine wanachama. Jedwali la Tano la sheria hiyo linataja gari moja lililoundwa mahususi kwa matumizi ya mtu mwenye ulemavu. Masharti yake ni kwamba mwombaji awe hajafaidika na msamaha kama huo katika miaka 4 iliyotangulia.

Fedha zinazohusika

Msamaha huu si jambo dogo. Mnamo Julai 2023 Kenya iliongeza ushuru wa forodha wa magari kutoka asilimia 25 hadi asilimia 35. Juu yake huja ushuru wa bidhaa, kisha VAT ya asilimia 16.

Chukua mfano wa gari la petroli lenye injini ya cc 1800 ambalo thamani yake ya forodha ni Sh1 milioni. Ushuru wa forodha ni Sh350,000. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 25, unaohesabiwa juu ya Sh1.35 milioni, ni Sh337,500. VAT, inayohesabiwa juu ya jumla ya hizo zote, ni Sh270,000. Mnunuzi wa kawaida hulipa takriban Sh957,500, bila kuhesabu ada nyinginezo. Gari la milioni moja huwa limekaribia milioni mbili.

Pengo hilo ndilo linalowashawishi baadhi ya watu kutumia jina la jamaa yao mwenye ulemavu ili kujipatia gari la bei nafuu. Nyanya mwenye ulemavu huletewa karatasi atie sahihi, gari likafika bandarini Mombasa, naye asilipande hata mara moja. Huo si msaada wa kifamilia. Kwa mujibu wa Kifungu cha 203 cha sheria ya forodha, kutoa maelezo ya uongo kwa maafisa wa forodha ni kosa linaloweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 3, au kumtoza faini isiyozidi dola 10,000 za Marekani.

Nani ashike usukani?

Wengi hudhani kuwa lazima mwenye ulemavu mwenyewe awe dereva. Maneno ya Jedwali la Tano yanazungumzia gari lililoundwa kwa matumizi yake. Hayasemi kwamba ni lazima aliendeshe. Kuna gari ambalo breki na kikanyagio cha mafuta vimehamishiwa mkononi ili mwenyewe aendeshe. Kuna pia lenye ubao wa kupandishia kiti cha magurudumu, ambalo huendeshwa na mtu mwingine. Hata hivyo, kila ombi huamuliwa na Mamlaka ya Ushuru Nchini, KRA, kulingana na stakabadhi zilizowasilishwa. Familia inayotaka dereva awe mtu mwingine yapasa iseme hivyo tangu mwanzo wa ombi, wala si baada ya gari kufika.

Sheria ya forodha haina orodha ya safari zinazokubaliwa na zile zisizokubaliwa. Kipimo chake ni kusudi: je, gari lingali linatumika kwa lengo lililosababisha lisamehewe ushuru?

Kwa kipimo hicho, mke anayempeleka mumewe kazini au hospitalini hana la kuhofia. Mzazi anayempeleka mwanawe katika Shule ya Wasioona ya Thika, au kumchukua siku ya kufunga shule, yumo ndani ya kusudi. Hata kijana anayetumwa dukani Ruiru kununulia nyumba unga na dawa za mama yake mwenye ulemavu anatekeleza haja ya mwenye gari, ijapokuwa mama hayumo ndani.

Mambo hugeuka pale kijana huyo anapolichukua gari kila asubuhi kwenda kazini kwake Nairobi, naye mama akabaki nyumbani akisubiri mtu wa kumbeba hadi kituo cha matatu. Gari li lile lile na dereva yule yule, lakini kusudi limepotea. Na aliyepoteza zaidi si serikali, bali ni yule ambaye gari lilikuwa miguu yake.

Lililo wazi zaidi ni biashara. Kulikodisha gari hilo, kulifanya teksi au kulipakia abiria kwa nauli ni kulitoa katika kusudi lake. Isitoshe, bima ya gari la kibinafsi kwa kawaida haigharamii abiria wa kulipa, na ajali ikitokea mzigo utamwangukia mwenye gari.

Kuuza na kurithi

Kifungu cha 119 cha sheria ya forodha ndicho ambacho kila familia yapasa kukifahamu. Kinasema kuwa bidhaa iliyosamehewa ushuru, ikitolewa kwa njia isiyolingana na kusudi la msamaha, hutozwa ushuru kwa kiwango kinachotumika siku inapotolewa. Mwenye bidhaa hiyo sharti aijulishe idara ya forodha kabla ya kuitoa na kulipa kinachodaiwa. Asipofanya hivyo, bidhaa inaweza kutwaliwa na serikali. Mnunuzi pia hana kinga, kwa kuwa anayeipokea akijua ushuru haukulipwa huweza kushtakiwa.

Kwa hiyo, ile miaka 4 isieleweke vibaya. Huo ni muda wa kusubiri kabla ya kuomba msamaha mwingine, si kibali cha kuuza gari la kwanza kimyakimya. Vilevile, zawadi kwa mwana au ndugu ni njia ya kulitoa gari, hata kama hakuna shilingi iliyopokewa.

Mwenye gari akifariki, gari huwa sehemu ya mali yake ya urithi. Warithi wasio na ulemavu wasikimbilie kubadilisha jina katika hati ya umiliki. Jambo la busara ni kuiandikia KRA kwanza, ili ijulikane kama kuna ushuru wa kulipwa.

Mfano wa Uingereza

Familia zenye jamaa Uingereza huenda zimesikia kuhusu mpango wa Motability, ulioanzishwa 1977. Huko, mwenye ulemavu anayepokea posho ya juu ya usafiri huweza kuitoa posho hiyo ili apate gari la kukodi, kwa kawaida kwa miaka 3. Gari halimilikiwi naye, na madereva hutajwa kwa majina katika bima.

Kanuni ya mpango huo ni kwamba gari litumiwe na mwenye ulemavu au kwa faida yake. Si lazima awemo ndani katika kila safari, kwani jamaa anaweza kwenda kumnunulia chakula. Lakini jamaa hawezi kulifanya lake.

Tofauti ni kwamba Waingereza wameandika mambo hayo katika mkataba ambao kila familia huusoma kabla ya kupokea funguo. Nchini Kenya, familia huachiwa ipime yenyewe maana ya neno kusudi.

Ya kuzingatia

Familia inayotaka kuepuka matatizo yapasa kuhakikisha yafuatayo:

- Ombi liwe limeidhinishwa kabla ya gari kuagizwa, na mwombaji awe amesajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.

- Gari lisajiliwe kwa jina la mwenye ulemavu, na hati ya umiliki ikae mikononi mwake au kwa mlezi wake.

- Kila jamaa anayeliendesha awe na leseni halali na awe anatambuliwa na bima.

- Gari lililotumika lisiwe limepita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, kulingana na kiwango cha KS 1515 cha Shirika la Ubora wa Bidhaa (KEBS).

- Barua ya msamaha na ankara za marekebisho ya gari zihifadhiwe kwa miaka yote ambayo gari litakuwa nyumbani.

- Mabadiliko yoyote ya umiliki yatanguliwe na barua kwa KRA.

Zaidi ya hayo yote, familia ikubaliane mapema kuhusu ratiba. Mwenye ulemavu ndiye wa kwanza kuulizwa anakwenda wapi na saa ngapi. Wengine wapange safari zao baada yake.