Stori ya koili ya kujitengenezea

Leo nawaletea stori ya waya, msinicheke.

BBC ilianza kutangaza hapa London tarehe 14 Novemba 1922. Leseni ya kusikiliza ilikuwa shilingi 10, na redio yenyewe ilitakiwa iwe na muhuri wa BBC. Walalahoi wangeipata wapi? Wakajitengenezea. Unachukua bomba la karatasi ngumu, unalizungushia waya wa shaba uliofunikwa kwa pamba. Ndani hakuna chuma, ni hewa tu. Unganisha na antena ndefu, jiwe la galena na hedifoni, unasikia stesheni bila betri wala umeme! Kinachochagua stesheni ni koili: mizunguko ikiongezeka, inashika mawimbi marefu zaidi.

Leseni za majaribio zilikuwepo, lakini maombi yakarundikana, na watu wengi wakawa wanasikiliza kwa kuibia. Oktoba 1923 serikali ikasalimu amri, ikatoa leseni ya wajitengenezeaji kwa shilingi 15.

Hesabu rahisi ilikuja 1928, kutoka kwa Mmarekani Harold Wheeler. Koili yenye nusu kipenyo cha inchi 1, urefu wa inchi 2 na mizunguko 60: zidisha 60 kwa 60, upate 3,600. Gawa kwa 29 (yaani 9 mara nusu kipenyo, jumlisha 10 mara urefu). Jibu ni kama mikrohenri 124.

Kwa hiyo mafundi redio wa mtaani kwetu, mnapotanua koili za FM, mjue ukoo wenu ni mrefu. Wasalimieni wote!