Nyota Huwaka kwa Moto Gani?

Tutazungumza habari za nyota: nuru yake hutufikiaje, huwaka kwa moto gani, na jinsi jibu la swali hilo lilivyopatikana.

Tuanze na jua, maana jua nalo ni nyota, ila li karibu nasi. Nuru hupita penye utupu bila kuhitaji hewa ya kuichukua, nayo huenda kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Hata hivyo nuru ya jua hukaa njiani zaidi ya dakika 8. Kilimia, kile kifungu cha nyota ambacho wakulima wa pwani walikitazamia ili kujua majira, ki mbali zaidi sana. Nuru yake husafiri kwa miaka zaidi ya 400. Ile mnayoiona leo iliondoka huko karibu na siku zile Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa, mwaka 1593.

Basi, mtu akiona moto huuliza, je, kuni ziko wapi? Katika karne ya 19 wataalamu walipiga hesabu wakaona kwamba kama jua lingekuwa makaa ya mawe matupu, lingekwisha kwa miaka elfu chache tu. Mwaka 1854 Hermann von Helmholtz wa Ujerumani alisema kwamba jua hujikunja kwa uzito wake lenyewe, na kule kujikunja ndiko kunakotoa joto. William Thomson wa Uingereza, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, aliifuata njia hiyo. Mwaka 1862 akasema kuwa yamkini jua halijatuangazia kwa muda wa miaka milioni 100.

Hapo pakazuka ubishi. Wataalamu wa miamba walijua kwamba mabonde na milima huhitaji muda mrefu zaidi kufanyika, na Charles Darwin alitatizwa sana na hesabu hiyo. Leo tunajua kwamba dunia ina umri wa miaka milioni 4,500 hivi. Hesabu ya Kelvin haikuwa na kosa la kujumlisha. Kilichokosekana ni kuni zenyewe, ambazo hakuna aliyezijua.

Habari za kuni hizo zilikuwa zimeandikwa ndani ya nuru. Nuru ikipita katika kioo cha pembe tatu hugawanyika rangi kama upinde wa mvua, na katikati ya rangi hizo huonekana mistari myembamba myeusi. Mwaka 1859 Wajerumani wawili, Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen, walionyesha kuwa kila kitu kina mistari yake, kama kila mtu alivyo na alama yake ya kidole gumba. Katika nuru ya jua mistari ya chuma ni mingi. Kwa hiyo wataalamu wengi wakaamini kwamba jua limeumbwa kwa vitu vile vile vya dunia yetu.

Sasa msikilize habari za Cecilia Payne, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1900. Alisoma Cambridge, lakini hakupewa digrii, maana chuo hicho hakikuwapa wanawake digrii mpaka mwaka 1948. Mwaka 1923 alivuka bahari akaenda Harvard, Marekani, palipokuwa na hazina kubwa ya picha za nuru ya nyota. Meghnad Saha wa Bara Hindi alikuwa amekwisha kueleza kwamba joto ndilo linalofanya mistari mingine ikolee na mingine ififie. Payne akaitumia kanuni hiyo, akaona jambo la ajabu: nyota karibu zote ni haidrojeni, gesi nyepesi kuliko zote, na heli.

Henry Norris Russell, bingwa wa elimu hiyo, alimwambia kwamba jambo hilo haliwezekani. Binti kijana angefanya nini? Katika kitabu chake cha mwaka 1925 akaacha hesabu zake zote, lakini akaongeza kwamba yumkini haidrojeni nyingi namna hiyo si kweli. Mwaka 1929 Russell mwenyewe, kwa njia nyingine, alifikia jibu lile lile, akaandika kuwa linapatana na la Payne. Mwaka 1956 Harvard ilimpa Payne cheo cha profesa.

Kuni zikawa zimeonekana. Arthur Eddington alikwisha kudokeza mwaka 1920 kwamba haidrojeni ikigeuka heli, uzito kidogo hupotea na kuwa nguvu. Mwaka 1939 Hans Bethe akaeleza hatua zake. Ndani kabisa ya jua mna joto la digrii milioni 15, na kila sekunde tani milioni 600 hivi za haidrojeni hugeuka heli. Tani kama milioni 4 kati ya hizo hutoka zikiwa nguvu, nayo ndiyo hutufikia kama nuru na joto.

Wasikilizaji, mistari ile ilikuwako mbele ya macho ya wote. Aliyeisoma sawasawa alikuwa mwanafunzi asiye na cheo. Katika vikundi vyenu zungumzeni maswali haya mawili: Kwa nini hesabu ya Kelvin haikutosha? Na kwenu, neno la kweli likisemwa na mdogo, nani humsikiliza?