Saa Janja ya Mviringo: Ni ya Kununuliwa au ya Kuachwa?

SUALA: Sisi ni familia ya Wete. Baada ya kuuza karafuu, mdogo wetu anataka kumnunulia baba saa ya kisasa ya mviringo, ile inayoonyesha mapigo ya moyo, presha, nyakati za Swala na Qibla. Ami yetu anasema huo ni israfu, na kwa kuwa saa yenyewe ina rangi ya dhahabu haimfai mwanamme. Baba aliazima ya jirani, ikamwonyesha presha iko sawa, na tokea siku hiyo ameacha dawa zake. Tunaomba mwongozo.

JAWABU: Sifa njema zote ni za Allah (S.W.), na Rehema na Amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na Swahaba zake.

Ndugu zetu, mmeuliza mambo manne kwa pamoja, na lile mlilolitaja mwisho ndilo tunaloanza nalo, kwa sababu haliwezi kusubiri.

Dawa kabla ya saa

Mzee arejee kwenye dawa zake na aende hospitali akapimwe. Hili tunalisema kabla ya kuingia kwenye halali na haramu. Presha ya kupanda mara nyingi haina dalili. Mtu hulala vizuri, akala vizuri, akaenda msikitini kwa miguu yake, na huku mishipa inaumia. Na presha ikishuka kwa mtu anayetumia dawa, mara nyingi iliyoishusha ni dawa hiyo hiyo. Kuiacha kwa sababu kipimo kimetoka kizuri ni sawa na kung'oa nguzo kwa kuwa paa limesimama.

Halafu tuiangalie saa yenyewe inavyofanya kazi. Chini yake kuna taa ndogo, mara nyingi ya kijani, inayomulika ngozi na kusoma jinsi damu inavyojaa na kupungua kwenye mishipa midogo. Kwa njia hiyo huhesabu mapigo ya moyo, na kwa mtu aliyetulia hesabu hiyo huwa karibu na ukweli. Presha ni jambo jingine. Kipimo cha kawaida cha hospitali huufunga mkono kwa mfuko wa hewa, kikaubana mshipa, kisha kikalegeza. Saa nyingi hazina kitu hicho, kwa hiyo hukisia. Hata Samsung, ambayo baadhi ya saa zake za mviringo zina kipimo cha presha, inamtaka mtumiaji alinganishe saa na kipimo cha mkononi kila baada ya siku 28, na inasema saa hiyo si ya kutambulia maradhi. Kama kampuni kubwa inasema hivyo juu ya mali yake, basi ile ya bei rahisi inayokuonyesha 120 kwa 80 asubuhi, mchana na usiku, tunaijua ni ya namna gani. Tumewahi kuivisha moja ya aina hiyo kwenye gogo la mgomba, na gogo likatoka na mapigo ya moyo!

Sukari ni zaidi ya hapo. Mwezi Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo la wazi kuwa hakuna saa wala pete yoyote iliyoidhinisha ambayo yenyewe hupima sukari bila kutoboa ngozi, na kwamba mgonjwa anayeitegemea anaweza kukosea dawa yake. Kwa hiyo muuzaji akikwambia hii inapima sukari, umeshapata sababu ya kuondoka kwenye duka hilo.

Kinga ya nafsi ni katika makusudio makubwa ya sheria yetu, na Mtume (S.A.W.) amewaamrisha watu kutafuta tiba. Kifaa kinachomfanya mtu aache tiba kimegeuka madhara juu yake, hata kama asili yake ni halali.

Nyakati za Swala na Qibla

Hapa watu wengi ndipo wanapotoa pesa zao, na hapa tungependa tukae kidogo.

Saa haijui wakati wa Swala. Inajua hesabu aliyoitia mtu. Alfajiri hupatikana kwa kukadiria jua liko digrii ngapi chini ya upeo wa macho: wapo wanaohesabu 18, Ummul-Qura ya Saudia ni 18.5, ya Misri 19.5, na jumuiya moja ya Waislamu wa Amerika Kaskazini hutumia 15. Visiwani kwetu, karibu na ikweta, digrii moja ni kama dakika nne. Mtu aliyenunua saa iliyotegwa kwa 15 badala ya 18 atakuwa na kosa la kiasi cha dakika 12, na katika mwezi wa Ramadhani hizo ni dakika za kula daku huku jirani zake wameshafunga. Alasiri vile vile. Programu nyingi huuliza kama wewe ni Hanafi. Ukibonyeza ndiyo bila kujua, saa itangoja kivuli kifike mara mbili ya kitu, ilhali sisi kwa madhehebu ya Imam Shafi'i tunaingia kivuli kikiwa sawa na kitu baada ya kuondoa kile cha adhuhuri. Tofauti hapa Pemba ni karibu saa nzima au zaidi.

Pia iangalieni saa imekaa mji gani. Ndugu zetu wengi wako Muscat na hutuma zawadi kwa wanaorudi. Saa iliyotegwa kule iko mbele yetu kwa saa moja, na nyakati zake za Swala ni za mji ulio mbali nasi kaskazini na mashariki. Isipounganishwa na simu ya hapa ikajua iko wapi, itaendelea kuadhini kwa ajili ya watu wa Muscat. Hata ndani ya Afrika Mashariki, ambako sote saa zetu ni moja, jua hupita juu ya Kampala kama nusu saa baada ya kupita juu yetu.

Kipimo cha kuijaribu ni chepesi. Hapa kwetu jua hufika katikati ya mbingu kati ya saa sita na dakika 5, mwanzoni mwa Novemba, na saa sita na dakika 35, katikati ya Februari. Saa inayokupa Adhuhuri nje ya mipaka hiyo kwa zaidi ya dakika chache za tahadhari imetegwa vibaya. Kisha chukueni kalenda ya msikiti wenu, muilinganishe na saa kwa siku mbili tatu, na mchague hesabu inayokubaliana nayo. Zikipingana, fuateni kalenda ya msikiti na muadhini wenu.

Ama Qibla, Allah ametufanyia wepesi ambao wengi hawaujui. Makka iko kwenye longitudo ya karibu 39.8 mashariki, na Chake Chake ni hivyo hivyo. Maana yake ni kwamba Qibla cha Pemba ni kaskazini, karibu barabara kabisa, kiasi cha kilomita 3,000 mbele yetu. Mwenye kuijua kaskazini kwa jua, kwa nyota au kwa dira ya boti, ameshajua Qibla. Kununua saa kwa ajili hiyo hapa Pemba ni kununua maji ukiwa mtoni. Kwa msafiri ni jambo jengine, lakini naye azingatie kwamba mikanda yenye sumaku huipotosha dira iliyomo ndani ya saa.

Rangi ya dhahabu, udhu na utulivu

Ami yenu ana asili katika alilolisema. Dhahabu imeharamishwa kwa wanaume wa umma huu na kuhalalishwa kwa wanawake, na imepokewa kwa Muslim kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliivua pete ya dhahabu mkononi mwa mtu na kuitupa. Lakini rangi si dhahabu. Saa nyingi zinazoitwa za dhahabu ni chuma au aluminiamu iliyopakwa rangi tu, na hizo hazina ubaya. Ikiwa imepakwa dhahabu ya kweli, hata kidogo, Imam Nawawi ni mkali katika pete ya mwanamme, nasi tunaona salama ni kuiacha. Muulizeni muuzaji, na asipojua, chukueni nyeusi. Itawaondolea maneno kwenye barza pia.

Katika udhu maji yafike kwenye ngozi yote ya mkono hadi kiwiko. Mkanda wa mpira hukamata sana, kwa hiyo avue au ausogeze mpaka maji yapite chini yake. Kuvaa kulia au kushoto yote yanafaa, na umbo la mviringo halina hukumu yake peke yake.

Jambo linalotushughulisha zaidi ni kutikisika kwake ndani ya Swala. Imepokewa kwa Bukhari na Muslim kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliswali na nguo yenye nakshi, akaitazama mara moja, na alipomaliza akaamrisha ipelekwe kwa Abu Jahm kwa sababu ilimshughulisha. Hiyo ilikuwa nakshi iliyotulia. Saa hizi humulika, hutikisa kifundo cha mkono na kuonyesha jina la aliyekuandikia ukiwa umesujudu. Karibu zote zina alama ya kunyamazisha: mzee afundishwe kuibonyeza kabla ya takbira. Na familia nayo isiigeuze saa hiyo kuwa jasusi wa kumfuatilia nani kaenda wapi. Kumjua mzee aliko kwa idhini yake ni hifadhi. Kumpeleleza mke au mtu mzima kwa siri ni katika tajassus iliyokatazwa katika Suratul-Hujurat.

Je, ni israfu?

Asili ya vitu ni uhalali, na israfu haipimwi kwa bei pekee. Hupimwa kwa hali ya mtu, haja yake na waliomtegemea. Mwenye deni lililofika wakati wake, au ada ya mtoto haijalipwa, pesa ya karafuu ina mwenyewe tayari. Kukopa kwa riba ili uvae saa ni jambo ambalo hatuna maneno nalo.

Mwenye nafasi atazame faida ya kweli. Uso wa mviringo una wema mmoja kwa wazee wetu. Toka zama za mnara wa saa wa Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, jicho la mtu wa kwetu limezoea kuvuka duara: mkono mfupi ukiwa kwenye saba, yeye husoma moja iliyo upande wa pili. Ukimpa tarakimu 19:00 atakaa apige hesabu. Hasara yake ni kwamba duara hukata pembe, maandishi hupungua, na ujumbe mrefu husomeka kwa tabu.

Chaji nayo. Saa zenye mfumo wa Google huhitaji chaji kila siku moja au mbili, ilhali zile za mfumo mwepesi, kama Huawei Watch GT, hukaa wiki moja hadi mbili. Tangu 2010 umeme wetu unakuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, na hali ni bora kuliko enzi za majenereta, lakini mzee asiyekumbuka kuchaji simu hatakumbuka vitu viwili. Tena angalieni simu yake: Samsung kuanzia Galaxy Watch4 ya 2021 haziungani na iPhone. Na mvuvi au mama wa mwani ajue kuwa alama ya 5 ATM ni ya kuogelea juu juu, si ya kuzamia, na kila ikitoka maji ya chumvi isuuzwe kwa maji baridi.

Mkiwa dukani, kumbukeni kwamba kwa madhehebu yetu muuzaji na mnunuzi wana hiari maadamu hawajaachana. Itumieni. Iunganisheni na simu hapo hapo, hakikisheni haidai neno la siri la mwenye nayo wa kwanza, maana za mtumba nyingi hufungwa hivyo, na ivisheni kwenye kitu kisicho na uhai muone kama kinatoa presha. Mkiigundua aibu ya tangu dukani baada ya kufika nyumbani, mna haki ya kuirejesha, ila fanyeni haraka, kwani kuchelewa bila ya udhuru huiangusha haki hiyo. Na anayeuza ya kuiga kwa jina la kampuni nyengine ameingia kwenye udanganyifu alioukemea Mtume (S.A.W.) sokoni.

Kwa suala lenu hasa, tunaona hivi: mdogo wenu anunue kwanza kipimo cha presha cha kufunga juu ya mkono, ambacho aghalabu bei yake ni ndogo kuliko saa nzuri, na aende nacho hospitali mara ya kwanza kikalinganishwe na cha huko. Mzee apime akiwa amekaa na kutulia, aandike kwenye daftari, na daftari hilo amwonyeshe daktari. Pesa ikibaki, na hakuna deni, amnunulie saa nyeusi ya mikono, ya chaji ya siku nyingi, na kile kipengele cha presha akifiche kabisa kwenye kioo. Ami yenu mwambieni tunamsalimu.

Wallahu a'lam.