Picha Zitembeazo na Mwenye Ufunguo

Kijana wa leo afunguapo ukurasa wa tovuti na kuigusa video, picha huanza kwenda na sauti kusikika papo hapo. Haulizi ilikotoka, kama vile anywaye maji ya mfereji asivyouliza habari za chemchemi. Lakini jambo hili, jepesi kwa mtazamaji, lilikuwa zito kwa mafundi. Na kabla ya kufika mikononi mwa wote lilipita mikononi mwa wachache. Yafaa tuijue njia yake, maana ina funzo.

Mtandao wa tovuti ulibuniwa na Mwingereza Tim Berners-Lee katika taasisi ya utafiti ya CERN, karibu na Geneva, nchini Uswisi. Alitoa pendekezo lake mwaka wa 1989, na mwaka wa 1993 taasisi hiyo ikatangaza kwamba uvumbuzi huo ni mali ya watu wote, asitozwe mtu ada kwa kuutumia. Kurasa za kwanza zilikuwa za maandishi. Mwaka huohuo wa 1993 kikatokea kivinjari kiitwacho Mosaic, yaani programu ya kusomea kurasa, kilichoonyesha picha na maandishi pamoja. Mwaka huo pia iliunganishwa na mtandao kamera moja ya Chuo Kikuu cha Cambridge, ambayo tangu mwaka wa 1991 ilikuwa ikilitazama birika la kahawa, ili watafiti wasipande ngazi bure na kulikuta tupu. Picha yake ilikuwa ndogo, ya rangi ya kijivu, nayo ilibadilika mara chache tu kwa dakika. Hata hivyo watu wa nchi za mbali waliifungua kuitazama. Kiu ya macho ilikuwa imekwisha kuonekana.

Kizuizi kilikuwa uzito. Video si kitu ila picha nyingi zifuatanazo upesi hata jicho likadanganyika. Chukua picha yenye vitone 640 kwa upana na 480 kwa kimo, kila kitone kikichukua baiti 3, na picha ziwe 25 kwa sekunde. Sekunde moja tu ina baiti milioni 23. Modemu ya simu ya mwisho wa miaka ya 1990 ilipitisha biti 56,000 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, sekunde moja ya video ingechukua karibu dakika 55 kufika! Ndipo mafundi wakatumia njia ya kuibana: huhifadhi picha moja kamili, kisha katika zifuatazo huandika yaliyobadilika tu. Mwalimu akisimama mbele ya ubao na kupunga mkono, ubao hautumwi tena, hutumwa mkono. Njia ya kubana na kubanua namna hii huitwa kodeki, na asiye na kodeki iliyoibana video hawezi kuitazama.

Basi, lugha ya kuandikia kurasa, iitwayo HTML, haikuwa na neno la video. Kampuni zikaingia katika pengo hilo, kila moja na programu yake ya kupachika juu ya kivinjari: RealPlayer, QuickTime, Windows Media. Mwenye tovuti aliyetaka kuonwa na wote ilimbidi aitayarishe video ileile mara mbili au tatu. Kisha ikatamalaki Flash ya kampuni ya Macromedia, iliyopewa uwezo wa video mwaka wa 2002 na kuingia mikononi mwa Adobe mwaka wa 2005. Tarehe 23 Aprili 2005 Jawed Karim, mmoja wa waanzilishi watatu wa YouTube, aliweka video ya kwanza katika tovuti hiyo: sekunde 19 akiwa mbele ya ndovu wa bustani ya wanyama ya San Diego. YouTube ilitumia Flash, na mwenye tovuti yoyote aliweza kunakili mistari michache na kuiweka video hiyo katika ukurasa wake. Mwaka wa 2006 Google ilikubali kuinunua kwa dola bilioni 1.65.

Neema hiyo ilikuwa na kasoro moja: ufunguo wa mlango ulikuwa katika mfuko wa kampuni moja. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mwaka wa 2007 kampuni ya Opera ilipendekeza video iwe neno katika HTML yenyewe, kama ilivyokuwa picha. Mwaka huo Apple ilitoa simu ya iPhone isiyokubali Flash, na mwaka wa 2010 Steve Jobs aliandika waraka wa kuilaumu Flash kwa kula betri, kwa udhaifu wa usalama, na kwa kuwa mali ya mmoja. Ingawa Apple nayo ilikuwa na milango yake iliyofungwa.

Neno likapatikana, ugomvi ukazuka juu ya kodeki. H.264 ilikuwa bora lakini ilifungwa na hataza zenye kutozwa ada. Theora ilikuwa huru lakini dhaifu zaidi. Wapiganapo tembo nyasi huumia: wenye tovuti wakarudi kutayarisha video moja mara mbili. Nafuu ilikuja polepole. Mwaka wa 2010 Google ilitoa kodeki ya VP8 bila ada. Mwaka wa 2014 HTML5 ikakamilishwa rasmi. Na mwaka wa 2015 YouTube ikaiacha Flash katika vivinjari vikuu.

Kwetu, mlango ulifunguliwa mwaka wa 2009, nyaya za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa kupitia chini ya bahari, baada ya miaka ya kutegemea setilaiti. Mwaka huo pia Apple ilitoa mbinu ya kuikata video vipande vya sekunde chache, kila kipande kikiwekwa kwa uzito mbalimbali, ili mwenye mtandao hafifu apate kilicho chepesi. Haba na haba hujaza kibaba.

Tarehe 31 Desemba 2020 Adobe iliacha kuihudumia Flash, na siku chache baadaye ikazuia kazi zake zisifunguke. Michezo, katuni na masomo yaliyoundwa kwa miaka mingi yakanyamaza. Baadhi yaliokolewa na maktaba ya Internet Archive kwa programu ya kuiga Flash. Mengine hayakupata mwokozi. Lakini ukurasa wa maandishi ulioandikwa kwa HTML mwanzoni mwa miaka ya 1990 wasomeka hata leo.

Tofauti yao haikuwa uzuri, maana Flash ilikuwa nzuri. Tofauti ilikuwa ufunguo: mmoja ulikuwa wa wote, wa pili ulikuwa wa mtu. Wewe utakayejenga kesho, tovuti au kitu kingine cha kutumiwa na umma, jiulize kwanza ufunguo wake utakaa kwa nani. Kisima cha kijiji hakifungwi kwa kufuli la mtu mmoja. Na kikifungwa hivyo, siku atakayohama kijiji kizima kitalala na kiu.