Fumbo la Sikinde Masikioni mwa Watu wa Mara

Mwaka 1934 Julius Nyerere, kijana wa miaka 12 kutoka Butiama, alianza masomo katika shule ya Mwisenge, mjini Musoma. Lugha ya nyumbani kwake ilikuwa Kizanaki. Kiswahili alikipata shuleni. Mwaka 1969 ilichapishwa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare ambamo mfanyabiashara amegeuka bepari: *Mabepari wa Venisi*. Neno hilo moja, lililokuwa vinywani mwa watu tangu Azimio la Arusha la 1967, lilikifanya kisa cha Ulaya kuwa habari ya Tanzania. Ustadi huo wa kulipa neno la kawaida kazi ya pili ndio uliokuwa mtaji wa watunzi wa muziki wa dansi, na ni bendi chache zilizoutumia kwa ladha kama Mlimani Park Orchestra.

Bendi hiyo iliundwa Dar es Salaam mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri la TTTS, kisha mwaka 1983 ikachukuliwa na shirika la maendeleo la jiji, DDC. Mtindo wake, Sikinde, ulipewa jina la ngoma ya Wazaramo. Miongoni mwa nguzo zake walikuwamo Michael Enoch, Muhidin Maalim Gurumo, Hassan Rehani Bitchuka na Cosmas Thobias Chidumule. Musoma ilikuwa na bendi zake, zikiwamo Musoma Jazz na Mara Jazz. Lakini Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyokuwa redio pekee ya Tanzania Bara hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilizifikisha nyimbo za Sikinde hata Bunda na vijiji vya pembezoni mwa ziwa, kwa wasemaji wa Kijita, Kiikizu na Kizanaki.

Walizipokeaje? Wimbo wa "MV Mapenzi" unatoa mfano mzuri. MV ni herufi zinazotangulia majina ya meli. Kwa mkazi wa Musoma, mji wa bandari, herufi hizo hazihitaji maelezo: zimeandikwa ubavuni mwa vyombo vya Ziwa Victoria, kikiwamo MV Butiama, chenye jina la kijiji alikozaliwa Mwalimu. Mtunzi anapoweka Mapenzi mahali pa Butiama au Victoria, msikilizaji huanza mwenyewe kuuliza: nahodha ni nani? Nani amekata tiketi, na nani amedandia? Chombo kimejaza kupita kiasi? Kitatia nanga wapi? Maswali hayo hayamo katika jina. Yamo katika maisha ya anayelisikia. Tena fumbo hukua pamoja na hadhira yake. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, ikaua mamia ya abiria. Wimbo ulikuwa umekwisha kutungwa. Tangu hapo, kwa mtu wa ziwani, safari ya meli hiyo ya mapenzi haiwezi kuwa mzaha mtupu.

Majina mengine yana werevu wa namna hiyohiyo. "Talaka Rejea" ni istilahi ya sheria ya Kiislamu: talaka ambayo mume aweza kumrejea mkewe kabla eda haijaisha, mlango umefungwa, lakini komeo halijatiwa. "Barua Toka kwa Mama" humfanya kila msikilizaji kuwa msomaji wa barua ya mwenzake. "Bubu Ataka Kusema" hugonganisha mambo mawili yasiyopatana, na kumwacha mtu akijiuliza ni jambo gani zito kiasi hicho. Katika enzi ambayo maneno ya nyimbo yalikaguliwa kabla ya kurekodiwa, fumbo halikuwa pambo tu. Lilikuwa pia njia ya kupita.

Wapo wanaoamini kwamba werevu wa Kiswahili ni urithi wa pwani, na kwamba bara huupokea ukiwa umepoa. Mfano wa Mara unaipinga imani hiyo. Mtunzi wa Dar es Salaam alitoa nusu ya fumbo. Nusu ya pili iliongezwa na mvuvi wa Musoma au mkulima wa Bunda, kwa Kiswahili alichojifunza na kwa mambo aliyoyaona. Kijana wa Mwisenge alifanya vivyo hivyo kwa Shakespeare.

Hapo ndipo penye hatari. Sauti za nyimbo nyingi zimo katika kanda za RTD, zilizorithiwa na TBC. Lakini nusu ile ya pili haikurekodiwa popote. Imo vichwani mwa wazee waliozisikia nyimbo hizo zikiwa mpya. Mwanafunzi wa fasihi anayeandika maneno ya wimbo bila kumuuliza mzee aliyaelewaje, amehifadhi swali na kuliacha jibu lizikwe.